Feza kwa Feza: Hesabu za Uwiano

Kirumba ni mji mdogo wa milimani katika teritwari ya Lubero, kwenye njia kubwa itokayo Butembo na kwenda Kanyabayonga na Goma. Siku ya soko watu hushuka kutoka vilimani wakibeba maharagi, viazi, vitunguu na kabichi. Wengine husukuma chukudu zenye mizigo mizito. Wengine huleta samaki wa Ziwa Edouard, na wengine mafuta ya mawese kutoka upande wa Beni. Kila mmoja ana kitu cha kuuza, na kila mmoja ataka kurudi nyumbani na feza za haki.

Siku moja mama mmoja alimpa binti yake noti ya dola 20. Akamwambia: «Mwanangu, nenda sokoni ukaibadili hii kwa franka. Nataka kulipa karo ya dada yako na kununua chumvi. Uhesabu vizuri.»

Binti akaenda kwa mzee mmoja mwenye kazi ya kubadili feza, ambaye kwetu huitwa kambisti. Juu ya meza yake palikuwa na kipande cha katoni kilichoandikwa: dola 1 = franka 2,800. Mzee akaipokea noti, akaitazama kwenye mwanga aone kama haikupasuka, kisha akahesabu noti za franka upesi upesi, maana watu wengi walikuwa wakimngoja. Binti akasema: «Asante, baba.» Akazifunga feza katika kitambaa, akarudi mbio.

Nyumbani wakazihesabu. Zilikuwa noti 12 za franka 5,000 na noti moja ya franka 1,000. Jumla franka 61,000. Mdogo wake akaruka kwa furaha: «Mama, leo tumepata nyingi!» Lakini mama hakuruka. Akamtazama binti, akamwuliza: «Dola 20 kwa bei ya 2,800 ni franka ngapi?»

Wanafunzi, tuiache hadithi hapa kwanza. Tutairudia mwishoni. Ili tumjibu mama huyu sawasawa, yatupasa kwanza kujifunza hesabu ya uwiano.

1. Uwiano ni nini?

Uwiano ni namna vitu viwili vinavyokwenda pamoja: kimoja kikizidi mara mbili, na cha pili huzidi mara mbili; kimoja kikipungua nusu, na cha pili hupungua nusu. Ukinunua kopo moja la maharagi unalipa bei ya kopo moja. Ukinunua makopo mawili unalipa mara mbili. Makopo na feza vinakwenda pamoja kama miguu miwili ya mtu mmoja.

Tazameni mfano huu. Makopo 3 ya maharagi yauzwa franka 4,500. Makopo 7 yatauzwa franka ngapi?

Mtoto asiyejua hesabu atasema: «Makopo yamezidi 4, basi niongeze 4 mahali fulani.» Huyo amepotea. Katika uwiano hatuongezi, bali twazidisha na kugawanya. Njia ya hakika ni kurudi kwenye kimoja, hivi:

Makopo 3 = franka 4,500.
Kopo 1 = 4,500 : 3 = franka 1,500.
Makopo 7 = 1,500 × 7 = franka 10,500.

Mistari mitatu tu. Mstari wa kwanza waandika jambo unalolijua. Mstari wa pili warudi kwenye kimoja. Mstari wa tatu wapanda mpaka kwenye hesabu inayotafutwa. Mwanafunzi anayeiandika mistari hii mitatu kila mara, bila kuruka hata mmoja, hatadanganyika kwa urahisi.

Lakini angalieni: uwiano huu ni wa kweli ikiwa bei ya kila kopo ni ile ile. Muuzaji akikupunguzia kwa sababu umenunua gunia zima, bei ya kopo imebadilika, na hesabu yako lazima ianze upya.

2. Uwiano wa sarafu

Katika nchi yetu leo watu hununua kwa noti. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka wa 1887, wakati wa mfalme Leopold II, zilipigwa sarafu za Kongo za santimu 1, 2, 5 na 10. Zilikuwa za shaba, zenye tundu katikati, hata mtu aliweza kuzitunga katika kamba kama shanga. Santimu 100 zilikuwa franka 1. Mwaka wa 1943 ilipigwa sarafu ya franka 2 yenye pembe sita na picha ya tembo.

Watu wa Beni na Butembo wanaofika Kasindi, kwenye mpaka wa Uganda, huona sarafu hata leo, kwa kuwa shilingi ya Uganda ina sarafu za 100, za 200, za 500 na nyingine. Basi tufanye hesabu ya sarafu hizo.

Mchuuzi mmoja amerudi kutoka Kasindi. Mfukoni mwake mna sarafu za shilingi 100, za 200 na za 500. Idadi yake ina uwiano wa 5 kwa 3 kwa 2. Jumla ya feza zote ni shilingi 4,200. Ana sarafu ngapi za kila namna?

Hapa wengi huanguka. Wanaona uwiano 5, 3 na 2, wanajumlisha kupata 10, halafu wanagawanya shilingi 4,200 kwa 10. Hilo ni kosa. Uwiano huo ni wa idadi ya sarafu. Si uwiano wa thamani yake. Sarafu tano za 100 na sarafu mbili za 500 si thamani moja: za kwanza ni nyingi kwa idadi, lakini ni shilingi 500 tu; za pili ni chache, nazo ni shilingi 1,000. Usihesabu vichwa mahali unapopaswa kuhesabu thamani.

Njia nzuri ni kufanya fungu moja. Twaa sarafu kama uwiano unavyosema, uzifunge pamoja, kisha uulize fungu hilo lina shilingi ngapi:

Sarafu 5 za 100 = shilingi 500.
Sarafu 3 za 200 = shilingi 600.
Sarafu 2 za 500 = shilingi 1,000.
Fungu moja = shilingi 2,100.

Sasa tazama: shilingi 4,200 zina mafungu mangapi ya 2,100? Yako 2. Basi kila idadi tunaizidisha mara 2: sarafu 10 za shilingi 100, sarafu 6 za shilingi 200, na sarafu 4 za shilingi 500.

Tujaribu jibu letu. Sarafu 10 za 100 ni 1,000. Sarafu 6 za 200 ni 1,200. Sarafu 4 za 500 ni 2,000. Jumla ni shilingi 4,200. Jibu ni la kweli. Msiache kujaribu jibu. Mkulima hawezi kusema ghala lake limejaa kabla ya kufungua mlango.

3. Kubadili feza za nchi mbili

Kwetu watu hutumia franka ya Kongo na dola ya Marekani, na karibu na mpaka hutumia shilingi ya Uganda pia. Bei ya feza hizi hubadilika. Leo ni hii, kesho ni ile. Njia zikifungwa au feza za namna moja zikiadimika, bei hupanda au hushuka. Kwa hiyo bei tunazoandika hapa ni za mfano tu. Ukienda sokoni, uliza bei ya siku hiyo.

Tuseme dola 1 ni franka 2,800. Dola 5 ni 2,800 × 5 = franka 14,000. Dola 12 ni 2,800 × 12 = franka 33,600. Ukitaka kurudi kinyume, yaani una franka 42,000 na wauliza ni dola ngapi, basi wagawanya: 42,000 : 2,800 = dola 15.

Mtu ajuaje kama azidishe au agawanye? Jiulize kwanza: ipi ni feza kubwa, na ipi ni feza ndogo? Dola moja ni sawa na franka nyingi. Ukitoka kwenye feza kubwa kwenda kwenye ndogo, hesabu lazima iwe nyingi zaidi, basi zidisha. Ukitoka kwenye ndogo kwenda kwenye kubwa, hesabu lazima ipungue, basi gawanya. Jibu likija kinyume cha hayo, ujue umekosea.

Sasa shilingi. Tuseme siku hiyo hiyo dola 1 ni shilingi 3,600 za Uganda. Tunajua dola kwa franka, tunajua dola kwa shilingi. Tunataka franka kwa shilingi. Dola inakuwa kama daraja kati ya kingo mbili za mto:

Franka 2,800 = dola 1 = shilingi 3,600.
Basi franka 2,800 = shilingi 3,600.
Tugawanye pande zote mbili kwa 400: franka 7 = shilingi 9.

Uwiano wa 7 kwa 9 ni mwepesi kuushika kichwani. Mama mmoja ameuza vitunguu vyake Kasindi na kupata shilingi 63,000. Atapata franka ngapi? Shilingi 9 ni franka 7. Mafungu ya 9 katika 63,000 ni 7,000. Basi 7,000 × 7 = franka 49,000. Mtu akimwambia atampa franka 40,000 kwa shilingi hizo, mama huyu atatabasamu na kuendelea na njia yake.

4. Bei mbili za kambisti

Sasa swali jingine. Kambisti hula nini? Hana shamba sokoni, wala hauzi chumvi. Chakula chake ni tofauti ndogo kati ya bei mbili. Bei ya kwanza ni ile anayonunua dola mkononi mwako. Bei ya pili ni ile anayokuuzia dola wewe ukizitaka. Ya pili ni kubwa kidogo kuliko ya kwanza.

Tuseme ananunua dola 1 kwa franka 2,800, naye anaiuza kwa franka 2,850. Faida yake ni franka 50 kwa kila dola. Akinunua dola 20 kwako, na baadaye akaziuza kwa mtu mwingine, amepata 50 × 20 = franka 1,000. Hiyo ni haki yake. Amekaa juani, amechukua hatari ya kuibiwa, na ya kupokea noti mbaya. Tena bei ikishuka kabla hajaziuza, anapata hasara.

Yafaa kujua jambo hili ili usibadili feza ovyo. Mtu mmoja alibadili dola 20 akapata franka 56,000. Baada ya saa moja akajuta, akataka kuzirudisha kuwa dola. Lakini sasa yeye ndiye mnunuzi, na bei yake ni 2,850. Dola 20 zinataka franka 57,000, naye ana 56,000. Akapata dola 19 kwa franka 54,150, na mkononi zikabaki franka 1,850. Hakuna aliyemwibia. Amelipa franka 1,000 za bure kwa sababu ya kutofikiri mapema.

5. Feza zilizobadilika jina

Wazee wetu wameona feza za nchi zikibadilika zaidi ya mara moja. Waulizeni. Hadithi zao ni hesabu za uwiano za kweli.

Mwaka wa 1967 franka ya Kongo iliondolewa, ikaja zaire. Zaire 1 ilitolewa kwa franka 1,000. Zaire moja ilikuwa na makuta 100, na likuta moja lilikuwa na sengi 100. Basi likuta 1 lilikuwa sawa na franka 10 za zamani, na sarafu ya sengi 10 ilikuwa sawa na franka 1.

Je, watu walipoteza kitu siku ile? Tuhesabu. Tuseme mtu alikuwa na franka 5,000, na kuku aliuzwa franka 200. Aliweza kununua kuku 5,000 : 200 = 25. Baada ya kubadili, ana zaire 5, yaani makuta 500. Kuku sasa auzwa makuta 20. Aweza kununua kuku 500 : 20 = 25. Kuku ni wale wale! Feza na bei zikigawanywa kwa hesabu moja, hakuna anayepoteza wala anayepata. Jina jipya peke yake halimli mtu.

Linalomla mtu ni jambo lingine: bei kupanda huku feza yake ikilala sandukuni. Miaka ya mbele serikali ilichapisha noti nyingi mno, na bei zikapanda bila kukoma. Ikatolewa hata noti ya zaire 5,000,000. Mwezi wa kwanza wa 1993 askari walilipwa kwa noti hiyo, wafanyabiashara wakaikataa, na ghasia kubwa ikatokea Kinshasa. Mwaka huo huo wa 1993 ikaja zaire mpya: moja ilitolewa kwa zaire 3,000,000 za zamani. Watu wa Kasai waliikataa, wakaendelea na zile za zamani.

Fikirini noti ile kubwa ya 5,000,000. Kwa zaire mpya ilikuwa ngapi? 5,000,000 : 3,000,000 ni 5 juu ya 3, yaani zaire mpya moja na theluthi mbili. Sufuri zote sita zimekwenda. Nambari kubwa juu ya karatasi si utajiri. Utajiri ni kile ambacho karatasi ile yaweza kununua.

Mwaka wa 1998 ikaja franka ya Kongo tunayoitumia leo. Franka 1 ilitolewa kwa zaire mpya 100,000. Sasa tuunganishe uwiano mbili kama pete za mnyororo:

Franka 1 = zaire mpya 100,000.
Zaire mpya 1 = zaire za zamani 3,000,000.
Franka 1 = 100,000 × 3,000,000 = zaire za zamani 300,000,000,000.

Hiyo ni 3 yenye sufuri kumi na moja nyuma yake. Na kumbukeni: mwaka wa 1967 zaire 1 ya zamani ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Mzee aliyeficha zaire zake chini ya kitanda tangu miaka ile, siku ya kuzitoa alikuta karatasi tu. Mwenzake aliyenunua mbuzi au aliyepanda miti alikuta mbuzi na miti.

6. Kugawana faida

Uwiano watumika pia watu wakifanya kazi ya shirika. Kaka na mdogo wake wanataka kununua maharagi Kirumba na kuyauza Butembo. Kaka ametoa franka 30,000, mdogo ametoa 20,000. Wakauza, wakapata faida ya franka 12,500. Wagawane namna gani?

Kaka asema: «Mimi ni mkubwa, nichukue 10,000.» Mdogo asema: «Hapana, tugawane nusu kwa nusu.» Wote wawili wamekosea. Feza walizotoa zina uwiano wa 30,000 kwa 20,000, yaani 3 kwa 2. Mafungu yote ni 5. Fungu moja la faida ni 12,500 : 5 = franka 2,500. Kaka apate mafungu 3, ni franka 7,500. Mdogo apate mafungu 2, ni franka 5,000.

Lakini mdogo ndiye aliyesukuma chukudu. Basi kazi yake ilipwe kwanza, kama walivyopatana kabla ya safari. Tuseme walipatana franka 2,500. Faida iliyobaki ni 10,000. Kaka apata 6,000, na mdogo 4,000. Pamoja na malipo ya kazi, mdogo ana 6,500. Na ikiwa wangepata hasara, hasara nayo ingegawanywa 3 kwa 2. Ndugu wengi wameacha kusalimiana kwa sababu hawakuandika hesabu hii kabla ya kuanza.

7. Sarafu mbili za mjane

Katika Injili ya Marko, sura ya 12, twasoma habari za mjane maskini aliyetia sarafu mbili ndogo katika sanduku la Hekalu. Matajiri walitia feza nyingi. Lakini Bwana Yesu alisema kwamba mjane ametia kuliko wote. Je, Bwana Yesu hakujua hesabu? Alijua. Tutazame.

Sarafu ile ndogo iliitwa lepta. Lepta 2 zilikuwa kodrante 1, na kodrante 64 zilikuwa dinari 1. Dinari 1 ndiyo mshahara wa siku moja, kama twaonavyo katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Basi mjane alitia sehemu moja kati ya 64 ya mshahara wa siku. Tuseme mshahara wa siku ni franka 6,400: yeye alitoa franka 100, kama noti mbili za franka 50.

Tuseme tajiri mmoja alikuwa na franka 640,000, akatoa 6,400. Kwa idadi, amemshinda mjane mara 64. Lakini kwa uwiano, tajiri ametoa 1 katika kila 100, na mjane ametoa 100 katika 100, yaani vyote alivyokuwa navyo. Watu walihesabu idadi. Bwana Yesu alihesabu uwiano.

8. Turudi kwa binti wetu

Sasa twaweza kumjibu mama. Dola 20 kwa bei ya 2,800 ni franka 56,000. Mzee ametoa 61,000. Amekosea kwa noti moja ya 5,000.

Binti alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Mama, noti moja imezidi.» Mdogo wake akasema: «Lakini hatukuiba. Yeye mwenyewe ametupa. Tena kambisti ana feza nyingi, hatajua.»

Mama akatwaa kaa, akaandika ukutani mbele yao: «Mzee huyu apata franka 50 kwa kila dola. Ili apate franka 5,000, abadili dola ngapi?» Mtoto akahesabu kwa sauti: «5,000 gawanya kwa 50... ni dola 100, mama.» Mama akasema: «Kwa dola zetu 20 alipaswa kupata franka 1,000. Badala yake amepoteza mara tano ya faida hiyo. Labda leo hatabadili hata dola 100. Basi noti hii, kwetu ni chumvi na sabuni. Kwake ni kazi ya siku nzima. Amri ya saba inatukataza kukaa na mali ya mwingine. Irudisheni, ninyi wawili.»

Watoto wakarudi sokoni. Mzee alikuwa amekwisha kuona kosa lake. Alikuwa akihesabu tena na tena, na uso wake umekunjamana. Binti akamwambia: «Shikamoo, baba. Ulituzidishia franka 5,000. Dola 20 ni 56,000.» Mzee akaitwaa noti, akawatazama wote wawili, akasema: «Mungu awabariki, wanangu. Mwambieni mama yenu nimemshukuru.»

Njiani mdogo akauliza: «Dada, ulijuaje kwamba ni 56,000?» Naye akamjibu: «Mistari mitatu tu. Nitakuonyesha tukifika nyumbani.»

Mazoezi

1. Makopo 4 ya mchele yauzwa franka 10,000. Makopo 9 yatauzwa franka ngapi?
2. Mfuko una sarafu za shilingi 100 na za shilingi 500. Idadi yake ina uwiano wa 4 kwa 1. Jumla ni shilingi 5,400. Kuna sarafu ngapi za kila namna?
3. Ikiwa franka 7 ni sawa na shilingi 9, shilingi 45,000 ni franka ngapi?
4. Kambisti ananunua dola kwa 2,800 na kuiuza kwa 2,850. Mtu abadili dola 40, kisha anunua tena dola 40. Amepoteza franka ngapi?
5. Mwaka wa 1967 mtu alikuwa na franka 12,500 za zamani. Alipata zaire ngapi na makuta mangapi?
6. Watu watatu wametoa franka 10,000, 25,000 na 15,000. Faida ni 20,000. Kila mmoja apate kiasi gani?

Majibu: 1. Franka 22,500. 2. Sarafu 24 za 100 na sarafu 6 za 500. 3. Franka 35,000. 4. Franka 2,000. 5. Zaire 12 na makuta 50. 6. Franka 4,000, 10,000 na 6,000.

Usitazame majibu kabla ya kuandika mistari yako.